Uzee Peke Yake Hauvunji Nyonga: Somo Kuhusu Homoni, Maisha na Mifupa Yetu



Fomu za ziara za Diakonia zinazotufikia kila robo mwaka zina safu inayoitwa "Sababu". Pale ambapo bibi au babu ameandikwa kuwa hatembei tena, au amelala kitandani tangu aanguke, safu hiyo mara nyingi hujazwa neno moja tu: uzee. Hatuwalaumu wanaojaza, maana ndivyo hata familia zenyewe zinavyosema. Lakini neno hilo lina madhara. Jambo likishaitwa uzee hakuna anayeuliza zaidi. Mgonjwa hapelekwi hospitali, binti zake hawajiulizi kama na wao wako njia moja, na kamati haioni kitu cha kuweka kwenye bajeti.

Somo la robo hii linahusu ugonjwa wa mifupa kudhoofika ndani kwa ndani, ambao wataalamu huuita osteoporosisi. Mfupa hupungukiwa na ujazo na uimara wake bila maumivu yoyote, hadi siku unapovunjika kwa kishindo kidogo ambacho kijana angekikung'uta vumbi na kuendelea na safari. Makadirio ya kimataifa ni kwamba kati ya watu waliovuka miaka 50, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 watavunjika mfupa kwa sababu hii katika maisha yaliyobaki. Tumeandika kwa urefu kwa sababu miongoni mwa maombi ya miradi ya mwaka ujao yamo mawili yanayohusu jambo hili: moja la vidonge vya kalsiamu kwa wazee wote wa usharika, na jingine la mashine ya kupima ujazo wa mifupa. Kabla ya kuyajibu ni vema sote tuelewe tunazungumzia nini.

Mfupa ni kitu hai

Wengi wetu hudhani mfupa ni kama nguzo ya nyumba: ukishasimamishwa umesimama, hadi mchwa aje. Sivyo. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Zipo seli zinazomega mfupa uliochakaa, na zipo nyingine zinazofuata nyuma kujaza pale palipomegwa. Kwa kazi hiyo ya kimyakimya, mifupa ya mtu mzima hufanywa upya katika muda wa takriban miaka 10.

Utotoni na ujanani wajenzi huwazidi wabomoaji. Akiba ya mifupa hufikia kilele katika miaka ya 20 hadi 30, na sehemu kubwa yake huwa imekwisha kuwekwa kabla ya mtu kufika miaka 20. Baadaye mizani hugeuka polepole, mtu akaanza kula akiba yake. Kwa hiyo wanafunzi wetu wa kipaimara wanahusika na somo hili kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wao ndio walio katika msimu wa kuweka.

Msimamizi wa kazi hii ni nani?

Kati ya wabomoaji na wajenzi lazima awepo msimamizi, na msimamizi mkuu ni homoni, yaani vile viini ambavyo tezi za mwili humwaga kwenye damu kupeleka maagizo. Kwa mwanamke homoni yenye neno kubwa hapa ni estrojeni, inayotengenezwa hasa na ovari. Estrojeni huwashika wabomoaji mkono wasizidishe. Mwaka 1940 daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, alieleza uhusiano huo baada ya kuona kwamba wagonjwa wake wengi waliovunjika pingili za mgongo walikuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi.

Hedhi hukoma, kwa wastani, karibu na umri wa miaka 50. Wakati huo estrojeni hushuka kwa haraka, wabomoaji wakabaki bila mwenye kuwazuia. Katika miaka 5 hadi 7 inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya ujazo wa mifupa yake. Ikiwa ovari zote mbili zimeondolewa kwa upasuaji akiwa na miaka 38 au 40, hasara hiyo huanza siku ile ile, na mama huyo anapaswa kuhesabiwa kuwa na hatari mapema kuliko wenzake. Vivyo hivyo msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mingi kwa sababu ya kukonda sana: asichukuliwe kuwa amepumzika, bali mifupa yake inakosa msimamizi.

Hapa tunapenda kusahihisha maneno yanayosemwa sana kwenye vikao vya akina mama, kwamba mgongo wa fulani umepinda kwa sababu ya kuzaa na kunyonyesha watoto wengi. Ni kweli kwamba anaponyonyesha, mama hutoa kalsiamu kutoka katika mifupa yake, na vipimo huonesha upungufu. Lakini baada ya mtoto kuacha ziwa na hedhi kurudi, mifupa kwa kawaida hujaza tena kile kilichotoka. Mama asilaumiwe kwa wanawe, wala asiogope kunyonyesha.

Swali linalofuata huwa ni hili: basi kwa nini wasipewe estrojeni? Walipewa, na kwa miaka mingi katika nchi tajiri zilikuwa dawa za kawaida. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliowahusisha wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wakitumia estrojeni pamoja na projestini au vidonge visivyo na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati. Kuvunjika nyonga kulipungua kwa kiasi cha theluthi moja, lakini saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu viliongezeka. Tangu hapo homoni hizo hutolewa kwa uangalifu, kwa mwanamke na kwa sababu maalumu, chini ya daktari. Si jambo la kununua dukani.

Na akina baba?

Kwenye semina zetu akina baba huanza kuangalia saa tunapofika hapa, kana kwamba kipindi chao kimekwisha. Tunaomba wakae.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mifupa ya mwanamume hulindwa na testosteroni pekee. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya kijana wa miaka 28 aliyekuwa na testosteroni ya kutosha, lakini mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Urefu wake ulikuwa sentimita 204 na alikuwa bado anaendelea kurefuka. Mifupa yake ilikuwa na umri wa kijana wa miaka 15, na ilikuwa dhaifu. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba mwanamume naye anahitaji estrojeni kidogo, ambayo mwili wake huitengeneza kwa kubadili sehemu ya testosteroni. Ikipungua ya kwanza, na ya pili hupungua.

Mwanamume hana siku ya kukoma, na mifupa yake ni minene zaidi tangu mwanzo. Ndiyo sababu kuvunjika kwake huchelewa, kwa kawaida miaka 10 hivi baada ya wanawake. Lakini anapovunjika nyonga, uwezekano wa kufariki ndani ya mwaka unaofuata ni mkubwa kwake kuliko kwa mwanamke. Hili halisemwi sana, na sisi tunaona lingesemwa.

Kundi moja linahitaji uangalizi wa pekee, nalo ni wazee wenye saratani ya tezi dume. Tiba mojawapo ni kushusha testosteroni, ama kwa sindano ama kwa kuondoa korodani kwa upasuaji, kwa sababu saratani hiyo hujilisha kwa homoni hiyo. Tiba hii huongeza maisha na hatumshauri mtu yeyote aikatae. Ila mzee aliyeipata ameingia, kwa upande wa mifupa, katika hali ile ya mama aliyekoma hedhi, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Wanaomtembelea wamwulize kwa staha, mwanamume kwa mwanamume, na wamshauri amkumbushe daktari habari ya mifupa.

Ulevi nao ni jambo la akina baba zaidi, ingawa si lao peke yao. Pombe nyingi ya kila siku, iwe mbege, gongo au ya kiwandani, hushusha testosteroni, huwazuia wajenzi wa mfupa kufanya kazi, humwondolea mtu hamu ya chakula, kisha humwangusha njiani usiku. Sigara huongeza hatari hiyo kwa jinsia zote mbili.

Dawa ambazo hazina budi kutajwa

Predinisoloni na dawa za jamii yake huokoa wagonjwa wa pumu na wengine wengi. Lakini zikitumiwa kila siku kwa miezi 3 au zaidi hula mifupa, hata kwa kiasi kidogo. Tunasikitishwa na desturi ya kuzinunua bila cheti kwa ajili ya maumivu ya viungo au ili kunenepa. Anayezitumia kwa agizo la daktari asizikatishe ghafla, kwani ni hatari. Aulize tu kuhusu mifupa yake.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza estrojeni, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu mifupa liandikwe kwenye maelezo yake. Ujazo uliopotea hurudi kwa sehemu kubwa baada ya kuacha. Hii si sababu ya mama kuacha uzazi wa mpango, bali ni sababu ya kuzungumza na muuguzi, hasa kama ametumia miaka mingi mfululizo. Kadhalika tenofovia, iliyomo katika dawa nyingi za kufubaza virusi vya UKIMWI, hupunguza ujazo wa mifupa kidogo katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Hakuna anayepaswa kuacha ARV kwa sababu hiyo.

Chakula, kazi na maji yetu

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na mama aliyevuka miaka 50 anahitaji 1,200. Kikombe kikubwa cha maziwa kina karibu 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu. Mchicha una kalsiamu, lakini una pia asidi inayoishika isiingie mwilini kwa wingi, hivyo usitegemewe peke yake. Loshoro ya wazee wetu, mahindi kwa maziwa ya mgando, ilikuwa hekima ambayo vijana wameibadilisha kwa soda na mandazi.

Tukiri jambo moja kuhusu miradi yetu ya kopa mtamba, lipa mtamba. Taarifa hutuonesha lita zilizouzwa na ada za shule zilizolipwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini katika nyumba nyingi maziwa yote hupanda pikipiki alfajiri kwenda mjini, na bibi aliyekata majani ya ng'ombe hunywa chai ya rangi. Mradi wa maziwa usioacha hata kikombe kimoja nyumbani umesahau jambo.

Mfupa hujengwa pia kwa kubebeshwa uzito wa mwili: kutembea, kupanda mlima, kulima. Kwa hili wakulima wetu wamebarikiwa kuliko watu wa ofisini, sisi tukiwemo. Tatizo huanza pale watoto walio mjini wanapomwambia mama, kwa upendo kabisa, "Mama, umechoka, sasa pumzika," wakamletea msichana wa kazi na kiti. Baada ya mwaka wa kukaa, misuli imelegea, mfupa umepungua, na mama haoni jua. Mwili hutengeneza vitamini D kwa jua, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri. Apunguziwe mizigo mizito, naam, maana mgongo dhaifu haufai kubeba debe la maji. Lakini aachiwe bustani yake na safari yake ya kanisani.

Sharika zilizo kwenye miteremko ya Meru na mabonde yake zina jambo la ziada, nalo ni floridi. Meno ya kahawia na miguu iliyopinda ya baadhi ya watoto wetu ni alama zake. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya huku vinapita kiwango hicho. Magadi yanayowekwa kwenye makande huongeza. Ajabu ya floridi ni kwamba huongeza ujazo wa mfupa bila kuupa uimara. Watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walitoa matokeo mwaka 1990 baada ya kuwafuatilia kwa miaka 4 wanawake 202 wenye osteoporosisi, baadhi yao wakipewa floridi kama dawa. Ujazo wa pingili za kiunoni uliongezeka kwa asilimia 35, lakini pingili zilizovunjika hazikupungua kwa kiasi cha maana, na mifupa mingine ilivunjika zaidi. Msomaji akumbuke habari hii tutakapofika kwenye mashine.

Mgongo uliopinda, na mguu uliofupika

Kuvunjika hakuji kwa kelele kila mara. Pingili za mgongo hubonyea moja baada ya nyingine, mzee akapungua urefu na kuinama. Dalili ya nyumbani ni gauni ambalo zamani lilimkaa sawa na sasa linaburuza kwa mbele. Katika Luka sura ya 13 tunasoma habari za mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, ambaye Yesu alimwona katikati ya sinagogi na kumwita. Hatusemi alikuwa na ugonjwa huu, kwa kuwa Maandiko hayasemi hivyo. Tunalotaka kuonesha ni kwamba alionwa. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu tu. Mgongo uliopinda una maelezo ya kitabibu, na wainjilisti wayaseme hadharani.

Nyonga ni habari nyingine. Mzee akianguka, akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huo si mshtuko wa kukandwa kwa maji moto, wala si kazi ya mganga wa kuunga mifupa. Apelekwe hospitali yenye eksirei siku hiyo hiyo. Upasuaji ukifanyika mapema, ikiwezekana ndani ya siku 2, mzee huweza kusimamishwa mapema. Akiachwa alale wiki nyingi huja vidonda vya mgongo, kuganda kwa damu na nimonia, na hivyo ndivyo vinavyoua. Hata katika nchi zenye huduma bora, karibu mtu 1 kati ya 5 hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Katika kanda yetu upasuaji huu hufanyika, KCMC Moshi ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Kinachozirudisha familia nyumbani ni nauli na gharama ya chuma.

Kuhusu maombi yaliyo mezani

Mashine hupima ujazo, na kwa kipimo chake Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1994 mpaka wa kuuita ugonjwa osteoporosisi. Ni chombo kizuri mahali pake. Kwetu sisi inahitaji fundi, mtaalamu wa kusoma, umeme wa uhakika na matengenezo. Na katika maeneo ya floridi inaweza kumwambia mzee kwamba mfupa wake ni mzito kumbe ni kama kigae. Hatuipendekezi. Vidonge vya kalsiamu kwa kila mzee pia hatuvipendekezi. Tafiti kwa wazee wanaoishi majumbani hazijaonesha kwamba vinapunguza kuvunjika kwa kiasi cha maana, na kwa wengine huleta kufunga choo na mawe ya figo. Wampe daktari nafasi ya kumchagua anayevihitaji.

Tunapendekeza mambo manyonge zaidi. Mkataba wa mtamba uongezwe kifungu cha kikombe kimoja cha maziwa kwa kila mzee na kila mtoto wa nyumba. Vijana wa usharika waweke mkono wa kushikia na taa ndogo kwenye njia ya choo cha kila mzee anayeishi peke yake, kwa maana wengi huanguka usiku. Wenye mtoto wa jicho waandikishwe kliniki ya macho. Yeyote aliyevuka miaka 50 aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka tu akiwa amesimama aandikiwe rufaa, kwa sababu mfupa wa kwanza hutangulia nyonga, na zipo dawa, kama alendroneti ya kila wiki, zinazoweza kuizuia. Na kwenye fomu, safu ya "Sababu" haitapokea tena neno uzee. Itauliza alianguka lini, wapi, ametumia dawa gani, hedhi ilikoma akiwa na umri gani au kama amewahi kutibiwa tezi dume, na kama amepigwa eksirei.

Jambo la mwisho ni mfuko wa usafiri na chuma cha nyonga. Marafiki wa ng'ambo waliojitolea kuchangia mashine tumekwisha waandikia, tukiwaomba kwa heshima wakubali mchango wao uhamishiwe kwenye mfuko huo. Tunasubiri jibu lao. Sharika zinazotaka kuingia katika mpango zitume muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi, pamoja na majina ya wahudumu 2 wa Diakonia watakaofundishwa kujaza fomu mpya, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja.